Filta Haijizibi Yenyewe: mazungumzo na mafundi na madereva kuhusu moshi wa dizeli

Habari zenu jamani. Wakubwa shikamooni, vijana mambo vipi. Sogeeni mbele huku, msijazane mlangoni mkaziba hewa, leo hatutaki kitu chochote kizibe.

Ile injini mliyoisikia inanguruma hapo nje nimeizima sasa hivi. Tumeipiga resi na kuibebesha mzigo karibu nusu saa, kwa hiyo ekzosi yake hata na glavu huwezi kuishika, na shida ni kwamba tunataka kuifungua. Basi mimi ntaongea mpaka ipoe. Hotuba ya kusoma sina, nina hii karatasi moja tu yenye namba manake namba huwa zinanikimbia.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Zamani kidogo nililetewa lori, taa ya filta ya moshi inawaka, gari halivuti, dereva analalamika kila baada ya siku mbili tatu linataka kujisafisha. Nikafungua, filta imejaa kweli, nikaisafisha nikamrudishia gari lake. Wiki tatu karudi. Nikamwambia kaka hii filta imekufa, tafuta mpya, akatafuta, na mnajua ile sio hela ya mchezo. Mwezi haujaisha vizuri karudi tena na ile filta mpya imejaa masizi meusi tii. Usiku ule usingizi ulinipaa. Kesho yake ndo nikafanya kitu nilichotakiwa kufanya tangu siku ya kwanza, nikaachana na filta nikaenda upande wa injini, napapasa hosi moja moja, nikaikuta ile hosi inayotoka kwenye turbo, ile pampu inayoshindilia hewa kwenye injini, kwenda intakula, kipoza hewa hiyo, imepasuka upande wa chini pale kwenye klampu, mpasuko ambao kwa macho huuoni, unausikia kwa kidole tu. Injini ikipanda mzigo hewa inatokea hapo fyuuu, kompyuta inaamini hewa imeingia yote, inamwaga mafuta ya kutosheleza hewa ambayo haipo. Hosi tu. Hosi moja imenimalizia filta mbili, na mteja akabeba bei ya ujinga wangu.

Tangu siku hiyo kila kijana ninayemfundisha namwambia hivi, filta ni kama yule mtoto anayekimbilia nyumbani kusema kuna ugomvi huko nje, ukimchapa yeye utakuwa umechapa mtu lakini ugomvi unaendelea. Filta haijizibi yenyewe. Na ili ujue nani anayeiziba inabidi ujue moshi unatoka wapi na unapita kwa nani na nani, manake huu mfumo mzima wa kusafisha moshi wa dizeli ni mnyororo, kila mmoja anasafisha uchafu aliouacha mwenzake aliyetangulia, na mara nyingi anaacha wa kwake.

Sasa tuingie ndani ya silinda.

Dizeli haina plagi ya kuwasha moto kama petroli. Inavuta hewa tupu, pistoni inapanda inaibana mpaka inabaki kama sehemu moja ya kumi na sita au kumi na saba ya ilivyokuwa. Aliyewahi kujaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono anajua pampu inavyopata moto pale chini, basi ni kitu kilekile ila hapa hewa inapita nyuzi 500 bila kiberiti. Halafu ndo nozeli inapuliza mafuta na yanawaka yenyewe. Huo ndo ujanja wa yule Mjerumani Rudolf Diesel, na injini yake iliyofanya kazi sawasawa ilipimwa mwaka 1897, sasa hesabuni wenyewe ni miaka mingapi tunatumia wazo lilelile. Kilichobadilika sana ni presha ya kupulizia. Kwenye komoni reli za sasa hivi, yaani bomba moja la presha linalolisha injekta zote, presha inapita bar 2000. Tairi ya gari dogo ina bar mbili na kitu. Kwa hiyo msiweke vidole kwenye paipu za injekta wakati injini inawaka, nimeona mkono wa mtu, sitaki kuuelezea.

Ukiweza kuona ule mpulizo wa mafuta kwa karibu, katikati yake kuna mafuta mengi na hewa hakuna. Hapo mafuta yanaiva bila kuungua, yanatengeneza masizi, yaani kaboni. Nenda kwenye kingo za ule mpulizo, huko hewa tele, moto mkali, joto linapita nyuzi 2000. Na kwenye joto hilo kuna kitu kinatokea ambacho hakihusiani hata na ubaya wa mafuta. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78, na naitrojeni ni mvivu sana, inaingia kwenye mapafu inatoka bila kumsalimia mtu. Ila ukiipiga joto la namna ile inaachana na mwenzake na kushikana na oksijeni, zinatoka zile gesi tunaita noksi. Mnaona? Maadui wawili wanazaliwa kwenye silinda moja, kwa wakati mmoja, wametengana sentimita au chini yake. Masizi yanazaliwa palipokosa hewa na noksi inazaliwa palipozidi joto na hewa.

Na ubaya wake ni kwamba ukimpiga mmoja mwingine anafurahi. Ukifanya moto uwake vizuri, wa moto sana, masizi yanapungua na noksi inapanda. Ukipoza moto noksi inashuka na masizi yanarudi. Wahandisi wameteseka na hii mizani miaka na miaka, na karibu kila kidude mtakachokiona kimefungwa kwenye ekzosi kimezaliwa na huu ugomvi.

Kuna mtu ataniuliza, mbona petroli ina katalisti moja tu, kile kidude cha kwenye ekzosi kinachogeuza gesi mbaya, inamaliza kila kitu? Ni swali zuri sana. Petroli inaungua na hewa iliyopimwa, kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta, haibaki oksijeni ya maana kwenye moshi. Katalisti yake inaweza kuinyang'anya noksi oksijeni na kuwapa gesi zingine zinazoitaka. Dizeli inafanya kazi na hewa ya ziada, moshi wake bado una oksijeni kibao, sasa zile gesi zinazotaka oksijeni zina haja gani ya kugombana na noksi wakati oksijeni ya bure imejaa pembeni? Kwa hiyo ile katalisti ya petroli ukiifunga kwenye dizeli noksi inapita inakupungia mkono.

Kwa nini tuhangaike, hilo sitalikalia. Masizi ya dizeli mengi ni chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, yanapita pua, yanapita koo, yanaenda kukaa chini kabisa kwenye mapafu. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Noksi nayo ikipigwa na jua inasaidia kutengeneza ozoni ya huku chini, ile inayochoma macho na kubana kifua. Na sisi mafundi ndo tunasimama nyuma ya bomba kuliko mtu yeyote. Basi, tuendelee.

Wa kwanza kwenye mnyororo ni EGR, na huyu anachukiwa kuliko wote. Kazi yake ni kuchukua sehemu ya moshi uliokwishaungua, kuupitisha kwenye kula yake, yaani kipoza moshi kinachopozwa na maji ya rejeta, na kuurudisha kwenye manifoldi injini iuvute tena. Ukisikia hivyo unasema huu uchizi, nani anavuta alichokwishatoa. Lakini ule moshi oksijeni yake imepungua, halafu umejaa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji, na hivyo viwili vinameza joto jingi bila vyenyewe kupanda sana. Moto unawaka kwa upole, kilele cha joto kinashuka, noksi inapungua hata nusu na zaidi. Ila kumbukeni mizani yetu, masizi yanaongezeka, na masizi hayo yakikutana na mvuke wa oili unaotoka kwenye breza, pale injini inapopumulia, yanaganda kwenye manifoldi kama lami, nimeshafungua manifoldi ambayo tundu lake lilibaki kupitisha kidole gumba tu.

Halafu kuna ile kula ya EGR. Ikipata ufa kwa ndani maji ya rejeta yanaingia kwenye njia ya moshi, gari linatoa mvuke mweupe wenye harufu kama ya utamuutamu, maji yanapungua na hayavuji popote. Hapo mafundi wangapi wameshafungua silinda hedi bure kutafuta gasketi iliyoungua? Msinijibu, mimi mwenyewe nimo. Na yale maji yakishapita yanaenda kuchafua vifaa vyote vya mbele yake, kwa hiyo ukibadilisha kula na usiangalie kilichotokea huko mbele, umefanya nusu ya kazi.

Moshi ukitoka kwenye turbo unakutana na DOC, katalisti ya kwanza. Huyu mpole, hana waya wala kinachozunguka, ni sega kama la nyuki lililopakwa platinamu na paladiamu, ndo maana wezi wanayapenda. Anachoma gesi ambazo hazikumaliza kuungua, kaboni monoksaidi na mvuke wa mafuta, zinakuwa kaboni dayoksaidi na maji. Chini ya nyuzi kama 200 amelala usingizi, hafanyi kitu. Na ana kazi moja ya chinichini ambayo watu wengi hawaijui, anachukua noksi ya aina ya kwanza, ile yenye oksijeni moja, NO, anaiongezea nyingine iwe NO2. Mtu atasema si umeifanya mbaya zaidi? Kwa mapafu ndiyo, NO2 ni kali zaidi. Ila wenzake wa mbele wanaihitaji, mtaona.

Sasa tufike kwenye DPF, filta yenyewe. Nimekuja na kipande nimekikata kutoka kwenye iliyokufa, pokeeni mpitishiane, msikidondoshe ni kama kigae. Kichungulieni kwa upande mmoja, mnaona kama bao la drafti, tundu moja wazi, linalofuata limezibwa, moja wazi, moja limezibwa. Geuzeni upande wa pili, yaliyokuwa wazi huku yamezibwa kule. Kwa hiyo moshi ukiingia kwenye tundu unafika mwisho unakuta ukuta, hauna pa kwenda isipokuwa kupenya kwenye ukuta wa pembeni uingie tundu la jirani. Ukuta huo una vitundu vidogo, gesi inapenya, masizi yanabaki. Filta isiyo na ufa inakamata zaidi ya asilimia 95 ya chembe, na ukipita kidole ndani ya bomba nyuma ya filta iliyo mzima, kidole kinatoka kisafi. Jaribuni siku moja. Bomba likiwa jeusi ndani, filta imepasuka au mtu ameshaitoboa.

Na hapa kuna kitu kilinishangaza nilipokijua. Vile vitundu vya ukuta ni vikubwa kuliko chembe ya masizi, mara nyingi tu. Sasa inakamataje? Chembe ndogo hivyo haziendi moja kwa moja, zinayumbayumba ndani ya gesi mpaka zinagonga ukuta na kunata. Zikishanata za kwanza zinatengeneza ukoko, na ukoko wenyewe ndo unakuwa filta nzuri zaidi. Filta mpya kabisa inachuja vibaya kidogo kuliko iliyotumika siku chache. Masizi yanakamatwa na masizi wenzao.

Ila ukoko ukinenepa moshi unashindwa kutoka, injini inabanwa kwa nyuma, inakula mafuta, turbo inateseka. Kuna sensa yenye vipaipu viwili, kimoja kabla ya filta kingine baada, inapima tofauti ya presha na kuiambia kompyuta filta imejaa kiasi gani. (Vile vipaipu vyenyewe vikiyeyuka au kuziba, kompyuta inadanganywa, angalieni hivyo kabla hamjahukumu filta. Dakika mbili tu.) Ikishajaa lazima ichomwe, na hapa ndo joto linakuja kuwa kila kitu.

Kuna njia mbili. Gari likiwa safari ndefu na mzigo, moshi unafika nyuzi 250 mpaka 400, ile NO2 iliyotengenezwa na DOC inayala masizi taratibu humohumo mkiwa njiani, dereva hajui hata kama kuna kitu kinaendelea. Hiyo ndo njia nzuri, haina gharama. Gari linaloshinda linasimama na kuondoka, safari za dakika kumi, au linaachwa linanguruma limesimama ili kiyoyozi kifanye kazi, hilo moshi wake haufiki joto hilo. Hapo kompyuta inalazimisha. Inachelewesha mafuta, inapuliza mengine mwishoni kabisa wakati pistoni imeshashuka, hayaungui kwenye silinda, yanaenda kuungulia kwenye DOC na kupandisha moshi mpaka nyuzi 550, 600 na kitu. Kwenye joto hilo masizi yanaungua na oksijeni ya kawaida. Magari mengine yana injekta ya pembeni kwenye ekzosi kwa kazi hiyohiyo, na kwa oili hiyo ni salama zaidi.

Nasema oili kwa sababu, dereva wangu nisikilize vizuri hapa, unaona taa inawaka, mafeni yanazunguka kwa nguvu, kuna harufu ya moto, na wewe umefika nyumbani unazima. Kesho hivyohivyo. Keshokutwa hivyohivyo. Kila mara yale mafuta ya ziada mengine yananata kwenye ukuta wa silinda, yanateremka kupita ringi, yanaingia kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini. Unapima stiki unakuta oili imepanda, unafurahi eti gari langu halili oili! Imepanda kwa dizeli, ndugu yangu. Imekuwa nyepesi, haishiki beringi, na siku moja utakuja kwangu na injini imegonga. Likianza kujichoma liache limalize. Dakika ishirini za kuzungukazunguka ni bei ndogo.

Na mkiipuuza mpaka filta imejaa kupita kiasi halafu mkailazimisha kwa mashine ya kupimia, masizi yote yanashika moto kwa pamoja, joto ndani linaweza kupita nyuzi 1000, na hicho kipande mlichoshika kimepasuka namna hiyo. Ona ule ufa hapo pembeni.

Chupa hii nayo ipitisheni, msiinuse. Huo unga wa kijivu sio masizi, ni majivu, umetoka kwenye filta ambayo ilikuwa inajichoma vizuri kabisa kila mara. Masizi yanaungua, majivu hayaungui hata ufanyeje. Na yanatoka wapi? Kwenye oili. Oili ya injini ina madini ndani yake, kalsiamu, zinki, fosforasi, yamewekwa kuilinda injini, na injini kila siku inachoma oili kidogo hata kama iko mzima. Madini hayo yanaenda kukaa kwenye filta moja kwa moja. Ndo maana kuna oili za majivu machache, malori yanatumia zilizoandikwa CJ-4 au CK-4, magari madogo mengi yanataka zile za Ulaya za kundi la C, soma kitabu cha gari lako. Ukimwaga oili yoyote uliyoikuta eti oili ni oili, gari halitakufa leo wala kesho, filta tu itajaa mapema kuliko umri wake, na majivu hayo yanatolewa kwa kuifungua na kuipuliza kwa mashine maalum. Hakuna dawa ya kumimina kwenye tenki inayochoma majivu. Anayekuuzia hivyo anakuuzia chupa.

Salfa nayo niiseme haraka. Mafuta yenye salfa nyingi yananyima katalisti pumzi, yale madini ya thamani yanafunikwa. Ndo maana Marekani walishusha salfa ya dizeli mpaka sehemu 15 kwa milioni kuanzia 2006, na Ulaya sehemu 10 kwa milioni tangu 2009. Walianza kusafisha mafuta ndo vifaa vikawezekana, ukigeuza huo mpangilio unaua vifaa.

Tunabaki na noksi. EGR imepunguza, haijamaliza. Ndo anakuja SCR, katalisti ya kumaliza noksi, na yeye ndo kipenzi changu. Hapa tunatumia yurea. Wengine wanaita AdBlue, wengine DEF, ni kitu kimoja, yurea asilimia 32.5 na maji yaliyosafishwa kabisa yanayobaki. Kwa nini 32.5 na sio 30 au 40? Kwa sababu kwenye mchanganyiko huo inaganda kwa nyuzi 11 chini ya sifuri, chini kuliko mchanganyiko mwingine wowote, na ikiganda inaganda sawasawa yote, haiachi maji upande na yurea upande. Inapulizwa kwenye moshi wa moto, inavunjika inatoa amonia, amonia inaingia kwenye katalisti inakutana na noksi, na kinachotoka ni naitrojeni na maji. Yaani yule mvivu tuliyemwamsha kwa moto kule kwenye silinda anarudishwa kulala. Mimi nikikumbuka hilo bado nafurahi mpaka leo, sijui ninyi. Na kazi inakwenda haraka zaidi kama NO na NO2 ziko nusu kwa nusu, mnaona sasa kwa nini DOC alikuwa anahangaika kule mwanzo.

Uzuri mwingine ni kwamba ukiwa na SCR nzuri unaweza kuiruhusu injini iwake moto mkali tena, noksi ipande, masizi yashuke, mafuta yatumike vizuri, halafu noksi unaimaliza huku nyuma.

Lakini naye anataka joto. Chini ya nyuzi 200 hivi kompyuta inazuia isipulizwe kabisa, kwa sababu yurea ikipulizwa kwenye bomba la baridi inakauka na kuwa chumvi ngumu. Jaribuni hili, dondosheni tone moja juu ya kifuniko cha bati muache likauke, mtakuta chumvi nyeupe ya nyota nyota. Sasa fikiria hiyo imejengeka ndani ya bomba, mwamba mweupe wa ngumi nzima, nimeshautoa kwa patasi. Ukiona injekta ya yurea ina ndevu nyeupe, injekta inavuja au gari linashinda baridi, usiishie kuosha tu.

Na usafi! Tenki lake lina kifuniko cha bluu kwa sababu. Tone kidogo la dizeli kwenye tenki la yurea linavimbisha raba za pampu, pampu imekwenda. Yurea kwenye tenki la dizeli ni mbaya zaidi, ukijigundua usiwashe hata swichi. Alafu kuna wataalamu wanaokoroga yurea ya mbolea na maji ya bomba. Ile ya mbolea ina vitu vingine ndani, maji ya bomba yana madini, yote hayo yanaishia juu ya katalisti na hayatoki. Siku hizi tenki lina sensa ya kupima ubora, kompyuta ikigundua inakupunguzia nguvu kidogokidogo mpaka gari linatambaa. Dereva anadhani gari linaumwa. Gari limegoma, na limegoma kwa maksudi.

Nyuma kabisa kuna katalisti ndogo ya kukamata amonia iliyobaki isije ikatoka, na sensa za noksi mbili, moja kabla ya SCR moja baada, kompyuta inalinganisha. Zikisoma sawasawa maana yake SCR haifanyi kazi, au yurea ni maji, au sensa moja inadanganya. Pima kabla ya kununua.

Sasa najua kuna mtu hapa ana swali lipo mdomoni, si tutoe tu vyote, tutoboe filta, tuzibe EGR, tuandike upya programu? Yapo magereji yanafanya hivyo na yanajisifu. Nawaambia nilichokiona kwenye kufungua, gari linakuja limetobolewa filta, moshi mweusi, mwenyewe anasema sasa linavuta. Namwangalizia nakuta nozeli inakojoa badala ya kupuliza. Ugonjwa upo palepale, kilichotolewa ni taa ya kuutangaza. Miezi kadhaa nozeli hiyo inatoboa pistoni.

Na udanganyifu wa programu haukuanza kwa mafundi. Septemba 2015 huko Marekani iligundulika Volkswagen waliandika programu inayotambua gari linapopimwa, ikiwa kwenye kipimo inasafisha noksi vizuri, ikiwa barabarani inalegeza, noksi inapanda hata mara 40 ya kinachoruhusiwa. Magari kama milioni 11 duniani. Waliowashtukia ni watafiti wa chuo kikuu cha West Virginia, ambao hawakufanya ujanja wowote mkubwa, walifunga mashine ya kupimia nyuma ya gari wakaliendesha barabarani, basi. Walitoka kwenye chumba cha kupimia wakaenda gari lilipo.

Ehe, nani ametoka kuangalia? Inashikika? Na glavu au bila? Haya, na glavu inatosha, tutaanza upande wa baridi. Hii injini nje taa yake inasema filta imejaa, na kuna vijana wawili hapa naona wameshashika spana ya bolti za filta. Wekeni chini hizo. Leteni tochi, na mmoja alete maji ya sabuni. Tunaanza na hosi ya turbo, pale chini kwenye klampu.